Mshale wa Hamsini na Matairi ya Masika

Katika miaka yote niliyofundisha fizikia, kila muhula ulipoanza niliandika sentensi ileile juu ya ubao: neno lisilo na kipimo ni porojo. Wanafunzi waliinakili bila kuipenda. Nilipostaafu nilirudi nayo kwenye kibanja changu hapa Bugene, kati ya migomba na mibuni, na nimeendelea kuitumia kwa majirani, kwa wazee wenzangu wa kanisa, na zaidi kwa madereva wa stendi ya Kayanga, watu ambao hawajawahi kukosa maelezo ya jambo lolote.

Mpwa wangu ni mmoja wao. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, mtu mzima aliyekwisha kuvuka miaka arobaini, mwenye mke na watoto wanne. Anaendesha haisi ya abiria kutoka Kayanga kwenda upande wa Kyerwa, njia ambayo sehemu yake ni lami na sehemu ni udongo mwekundu unaogeuka uji masika yanapoingia. Gari si lake. Ni la mzee mmoja wa Kiislamu mwenye duka la vitambaa na vyombo pale mjini, ambaye babu yake alikuja huku kutoka Tanga akiwa na marobota ya nguo, akaoa, akabaki.

Alhamisi moja alasiri mpwa wangu aliingia uani kwa miguu. Nilijua kuna jambo, kwa kuwa dereva hatembei ovyo.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Liko kwa tajiri. Mjomba, nimepigwa tochi tena."

Tochi ndilo jina tulilokipa kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. Askari hukielekeza kwenye gari linalokuja, kikasoma kasi, kikapiga na picha. Mpwa wangu alikuwa amesimamishwa mara ya tatu katika miezi miwili, na mara zote tatu mahali penye kibao cha hamsini, pale barabara inapopita katikati ya nyumba, shule na magenge ya ndizi. Askari alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu: gari lake, namba zake, na chini yake hamsini na saba.

"Na wewe ulikuwa unakwenda ngapi?"

"Hamsini, Mjomba. Mshale ulikuwa juu ya hamsini kabisa. Nakuapia kwa kaburi la mama."

"Usimhusishe dada yangu. Yeye hakuwa ndani ya gari."

Ndipo akasema lililomleta. Tajiri alikuwa amechoka. Alimwambia kwamba Jumatatu gari litapewa dereva mwingine, kwa maana mtu anayekamatwa mara tatu ama ni mkaidi ama ni kipofu, na yeye hataki gari lake liendeshwe na mmojawapo. Mpwa wangu alilia, akabishana, akalia tena. Mwishowe mzee yule akasema kwamba angeweza kubadili uamuzi kwa sharti moja: aletewe mtu mkweli wa kumthibitishia kwamba dereva hakukosa, na mtu huyo asiwe wa stendi.

"Nikamtaja Mjomba wangu. Akasema, Mwalimu? Akisema Mwalimu nitakubali. Basi Mjomba, naomba uje umwambie tu kwamba tochi inadanganya. Kila mtu anajua. Kwenye mteremko inaongeza."

"Kila mtu huyo amepima lini?"

Nilimwambia kwamba sitakwenda kusema nisilolijua mbele ya mtu aliyeniita mkweli. Lakini nilimwahidi kwamba nitalijua kabla ya Jumatatu, na nitakalolijua ndilo nitakalolisema, liwe la kumwokoa au la kumwangamiza. Aliitikia kwa sauti ya mtu aliyeomba maji akapewa ndoo na kamba.

Kesho yake nilikwenda stendi, kwa sababu porojo nayo inafaa isikilizwe kwenye chanzo chake. Madereva watano walikuwa wamekaa kwenye benchi la wauza chai wakingoja zamu. Niliamkiwa vizuri, nikapewa nafasi, nikauliza wanaonaje hamsini na tochi yake.

"Mwalimu, hamsini ni mwendo wa kusindikiza maiti," alianza mmoja mnene mwenye kofia ya sufi. "Ukienda hamsini abiria wanakuuliza kama gari linaumwa."

"Wananiambia nishuke nisukume," akadakia mwingine.

"Tatizo si hamsini, tatizo ni kujificha. Askari anaingia kwenye migomba ya watu kama mwizi wa mkungu. Kama ni haki, asimame barabarani nimwone."

"Ukimwona utapunguza," nikasema.

"Si ndiyo lengo, Mwalimu? Nipunguze!"

"Halafu ukimpita?"

Wenzake walicheka, naye akacheka pia, akiangalia chai yake. Walinieleza jinsi wanavyopashana habari kwa taa, gari linalotoka likiliwashia linaloingia ili lijue kuna tochi mbele, na walilieleza jambo hilo kwa fahari, kama ushirika wa msibani. Niliwauliza kama kuna anayemwashia mwenzake taa kumjulisha kwamba watoto wa shule wametoka. Mmoja, mkimya, mkubwa wao kwa umri, alisema yeye hufanya hivyo. Wengine walimtazama kana kwamba amekiri ugonjwa.

Kuhusu mteremko, wote watano waliafikiana kwamba tochi huongeza. Nilipouliza huongeza kiasi gani, mmoja alisema kumi, mwingine ishirini, na wa tatu akasema inategemea askari amekula nini.

Yule wa kofia ya sufi akanigeukia. "Lakini Mwalimu, usitubane sana. Si wewe uliyemwangusha mzee wa watu na ndizi zake kule Kiruruma?"

Jambo lilikuwa la kweli, na hapa ni lazima nilieleze. Mwaka uliotangulia, nikishuka Kiruruma kwa pikapu yangu, nilimkuta mzee mmoja akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu. Alianza kuvuka, nikakanyaga breki, gari likasimama likiwa limeligusa gurudumu lake la nyuma. Yeye hakuumia. Baiskeli ilianguka na mikungu ikabingirika mtaroni. Aliponiambia, kwa neno letu la heshima, "Waitu, ulikuwa unakimbia," nilimjibu kwamba nilikuwa kwenye hamsini, kwamba nimeuona mshale kwa macho yangu, na kwamba yeye hana kifaa cha kumwezesha kusema kinyume. Nilimsaidia kupakia ndizi zake, kisha nikampa somo fupi la kuangalia pande zote mbili kabla ya kuvuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoka.

"Nilikuwa kwenye hamsini," nikawaambia madereva. "Niliuona mshale."

"Hata mpwa wako aliuona," alisema yule mkimya.

Jumamosi saa moja asubuhi, nikiwa na kibali cha tajiri cha kulitumia gari kwa asubuhi ile, nilikwenda na mpwa wangu kwenye kipande cha barabara kilichonyooka na kilicho sawa, nje ya vijiji, mahali pasipo na kibao cha hamsini. Alitaka tufanyie palepale alipokamatwa. Nilikataa. Mtu hafanyi jaribio la mwendo mbele ya shule ili athibitishe kwamba anaijali shule.

Nilikuwa na futikamba ya mita hamsini na stopwochi ambayo walimu wenzangu waliniaga nayo. Tuliivuta futikamba pembezoni mwa lami mara nne, tukapata mita mia mbili, nikaweka jiwe lililopakwa chokaa mwanzo na jingine mwisho. Tulirudia kupima kutoka upande wa pili. Mpwa wangu alisema mara moja inatosha. Nilimkumbusha kwamba kazi ni yake.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha kwanza. Gari linalokwenda kilomita hamsini kwa saa hukata mita mia mbili kwa sekunde kumi na nne na nukta nne. Nilikaa kiti cha mbele. Aliondoka mbali, akaongeza mwendo taratibu, akaushika mshale juu ya hamsini. Nilichungulia: ulikuwa juu ya hamsini, haukupungua wala haukuzidi. Tulipolipita jiwe la kwanza nilibonyeza. La pili, nikabonyeza tena.

Sekunde kumi na mbili na nukta saba.

"Rudia," nikasema.

Tulirudia mara tano, tatu tukienda na mbili tukirudi. Tofauti kati ya mara moja na nyingine haikufika hata nusu ya sekunde. Niliandika zote kwenye daftari, nikatafuta wastani, nikapiga hesabu, nikaikagua. Gari ambalo mshale wake ulisema hamsini lilikuwa likienda hamsini na saba kasoro kidogo. Picha ya askari ilisema hamsini na saba. Hapakuwa na mteremko wala migomba, wala askari aliyekula chochote.

Nilimwonyesha daftari. Alisoma, uso wake ukakunjuka.

"Kwa hiyo Mjomba, mshale ndio mwongo! Mimi sina kosa!"

"Tochi ina kosa?"

"Tochi…" Akaitazama tena hesabu.

"Tochi umeisema vibaya miezi miwili, mbele ya abiria. Mtoto akivuka, hagongwi na mshale. Anagongwa na gari."

Lakini bado sikuwa na sababu, na kipimo kisicho na sababu ni nusu ya jibu. Nilimwambia azime injini, nikalizunguka gari. Lilikuwa limesimama juu kuliko haisi nyingine. Nilijua kwa nini, kama kila mtu wa huku anavyojua: masika yanapoiharibu njia ya Kyerwa, wenye magari huyapeleka kwa fundi mmoja pale mjini akayavalisha matairi makubwa zaidi na kuweka vyuma vya kunyanyua bodi, ili tumbo la gari lisikwame kwenye matope. Kiangazi kikija, hakuna anayeyarudisha matairi ya zamani. Kwa nini ayarudishe? Yamenunuliwa, na ni mazima.

"Spea iko wapi?"

"Chini, Mjomba. Ile ya zamani. Haitumiki."

Tuliifungua. Tuliiegemeza kando ya tairi la nyuma, na hata mtoto asiyejua kuhesabu angeona. Nilipitisha futikamba kuizunguka: sentimita mia mbili na nne. Nikapitisha kwenye tairi lililofungwa: mia mbili thelathini na moja. Mshale hauijui barabara. Unachojua ni mizunguko ya gurudumu tu, na ulifundishwa kuhesabu mizunguko ya lile tairi dogo. Kila mzunguko mmoja, gari liliiba sentimita ishirini na saba ambazo mshale haukuziona. Niligawa moja kwa nyingine, nikazidisha kwa hamsini, nikapata jibu lilelile la stopwochi.

Mpwa wangu aliangua kicheko cha furaha, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nikiitazama spea ile iliyolala kwenye majani. Nilikuwa nimekumbuka kwamba masika ya juzi, baada ya pikapu yangu kukwama siku nzima nikienda kununua kahawa, niliipeleka kwa fundi yuleyule.

Sikumwambia lolote. Nilirudi nyumbani, nikaitoa spea ya pikapu, nikapima. Mia mbili na kumi. Nikapima tairi lililofungwa. Mia mbili na thelathini. Nilipima tena baada ya chakula, kama kwamba chakula kingebadili mpira. Kwa miaka miwili nilikuwa nikipita vijijini nikiamini niko kwenye hamsini, kumbe nilikuwa kwenye hamsini na tano. Mshale ule sikuwahi kuupima. Niliambiwa, nikaamini, nikapeleka neno mbele. Tangu niache ualimu nimewakemea watu wengi kwa kosa hilohilo.

Jumatatu asubuhi tulikwenda dukani. Mzee yule alitukaribisha nyuma ya marobota ya vitenge, akaagiza kahawa na tende. Mpwa wangu alikaa mwisho wa benchi, mikono katikati ya magoti.

"Haya Mwalimu," alisema mwenye duka. "Mimi sisikilizi stendi, nakusikiliza wewe. Kijana huyu alikimbia au hakukimbia?"

"Alikimbia," nikasema.

Nilisikia benchi likilia.

"Tochi ilisema kweli mara zote tatu. Lakini yeye hakujua, na hakuwa na njia ya kujua." Nikamfungulia daftari, nikamweleza mita, sekunde, na sentimita ishirini na saba. Alisikiliza kwa makini ya mtu aliyezoea kupima kitambaa. Nilipofika kwenye matairi alinyanyua mkono.

"Subiri. Matairi yale nilinunua mimi. Fundi nilimtafuta mimi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unasema mwenye kosa ni mimi, dukani kwangu, na kahawa yangu unakunywa."

"Nasema alichokiona dereva ni hamsini. Zaidi ya hapo utaamua wewe."

Alicheka kwa pua. Kisha akanitazama, na ninaamini alikuwa amekwisha kulijua jibu kabla ya kuuliza, maana pikapu yangu ilikuwa imeegeshwa mbele ya mlango wake.

"Na hiyo yako, Mwalimu, si imevaa viatu vya fundi yuleyule?"

Ningeweza kusema kwamba hilo halihusiani na shauri tulilolijia. Lakini mpwa wangu alikuwa akinitazama, na riziki yake ilisimama juu ya neno la mtu aliyeitwa mkweli. Kama ningelificha la kwangu, la kwake lingekuwa na thamani gani?

"Imevaa," nikasema. "Nimepima. Nami nimekuwa nikikimbia, kwa miaka miwili, huku nikiwafundisha wengine kwenda polepole."

Mzee hakucheka tena. Alizungusha kikombe chake mara mbili tatu.

"Basi, Wallahi, kama Mwalimu wa fizikia hakujua, huyu angejuaje?" Akamgeukia mpwa wangu. "Chukua ufunguo. Lakini matairi sivui, masika yako mlangoni na njia ile unaijua. Mwalimu, fanya hesabu zako. Aende ngapi kwenye mshale ili awe hamsini?"

"Arobaini na nne."

Aliinuka, akaenda kwenye kabati la vioo, akarudi na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Tulitoka nje sote watatu. Mpwa wangu alifungua kioo cha dashibodi kwa bisibisi, nami nikachora mstari mwembamba kwenye arobaini na nne. Kisha nikachora mwingine kwenye pikapu yangu, mahali pake. Mzee wa duka alisema kichupa nibaki nacho. Wateja wake hawatanunua rangi iliyokwisha kupaka magari.

Stendi walimpa mpwa wangu jina la Arobaini na Nne kabla ya jua kutua. Abiria mmoja alimwuliza kama anaendesha au anachunga. Anasema anawaonyesha mstari, na baadhi yao wananyamaza, na baadhi hawanyamazi. Yule dereva mkimya alikuja kibanjani kwangu na spea yake, tukapima. Yule wa kofia ya sufi hajaja. Anaendelea kusema kwamba tochi inaongeza kwenye mteremko. Mpwa wangu hajasimamishwa tena tangu siku ile. Hilo nimelisikia kutoka kwake, kwa hiyo naliandika kwa tahadhari.

Limebaki moja. Wiki iliyofuata nilishuka Kiruruma, mshale ukiwa chini ya mstari, nikauliza nyumba ya mzee wa baiskeli. Nilimkuta barazani akichambua kahawa kwenye ungo. Nilimweleza habari ya matairi tangu mwanzo, kwa mpangilio, pamoja na vipimo, na nikamwambia kwamba siku ile nilikuwa kwenye hamsini na tano, na kwamba nilimkosea, kwa mwendo na kwa maneno.

Aliondoa punje mbili mbovu, akazitupa kwa kuku.

"Nilikuambia, waitu," alisema. "Karibu kiti."